Kabla Faili Haijafika Kortini

Mdogo wangu alikatwa panga usiku wa Ijumaa kwenye steji ya bodaboda anakoegesha kila siku, huku kwetu Likoni. Alikinga kichwa kwa mkono wa kushoto, panga likatua mgongoni mwa kiganja. Aliyemkata tunamjua. Kwao tunakujua, wazazi wetu wamezikana na kuozana, na chanzo cha ugomvi ni deni dogo ambalo sitalieleza hapa. Jina la kijana yule halitakuwamo, wala la kituo cha polisi tulichoripoti, kwa kuwa kesi sasa iko mbele ya hakimu na huko ndiko itakakosemewa.

Ninachotaka kukiandika ni ule muda wa katikati, baina ya usiku wa panga na asubuhi shtaka liliposomwa. Ulikuwa mrefu. Mimi ni fundi wa cherehani, si wakili, na mambo ya sheria nilikuwa nikiyasikia redioni tu kama wengine. Lakini nimekaa sana kwenye benchi la kituo, nikazungumza na akina mama waliokuwa wakingoja kama mimi, na niliyoyasikia pale yamenifanya niamini kuwa kesi nyingi za watu wa huku hazishindwi kortini, kwa sababu hazifiki huko. Zinafia njiani, faili ikiwa kwenye droo ya mpelelezi, na mwenye kidonda akidhani kuwa hana la kusema mpaka aitwe na hakimu.

Analo la kusema, na sheria imempa nafasi ya kulisema mapema. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 50, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu, na mwaka 2014 ikapatikana Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa. Nimeisoma kwenye simu usiku baada ya kufunga cherehani, kifungu kwa kifungu, nyingine nikirudia mara kadhaa mpaka zikaniingia. Kwa sheria hiyo mwathiriwa ni mtu yeyote aliyeumia, aliyepoteza mali au kupata hasara kwa sababu ya kosa la jinai. Hakuna palipotajwa kwamba awe kwanza na nambari ya kesi. Panga likishakushukia, wewe ni mwathiriwa, hata kama aliyelishika bado anatembea barabarani.

Usiku ule tulikwenda hospitali kwanza, kituoni baadaye. Ndivyo inavyofaa, na sheria iko upande huo: anayeshughulika na mwathiriwa ahakikishe kwanza kuwa mtu huyo amekingwa na madhara zaidi, kabla ya jambo jingine lolote. Damu ikishazuiwa ndipo mtu aende kwenye kaunta.

Pale kaunta afande aliandika taarifa yetu kwenye kitabu kikubwa cha matukio, ile OB tunayoitaja kila siku. Nilimwomba nambari. Akanitamkia. Nikamwomba aniandikie, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: nambari ya tukio, mkwaju, kisha tarehe. Karatasi ile niliitia nyuma ya kava la simu na iko hapo mpaka leo. Kuripoti bila kuondoka na nambari ya OB ni sawa na kumwachia fundi kitambaa bila risiti. Mkija kubishana, hata rangi yake mtabishania. Nimekutana na mama mmoja aliyeambiwa baada ya mwezi mzima kwamba hakuna ripoti yake yoyote kituoni. Alikuwa ameripoti kwa mdomo, kwa askari aliyekuwa getini, na askari yule alikuwa ameshahamishwa.

Baada ya OB tukapewa fomu ya P3. Fomu hii ni bure na polisi wenyewe wamekuwa wakisema hivyo hadharani, kwa hiyo mtu akikwambia toa kitu kidogo ndipo uipate, mwombe akuandikie risiti yenye mhuri. Afisa anajaza sehemu ya mwanzo: nani ameumia, lini, wapi, anadai kafanywa nini. Sehemu inayofuata ni ya daktari, na humo kuna mstari mmoja ambao watu hawautazami kabisa, nao ndio uliobeba kesi nzima. Daktari anatakiwa aseme kiwango cha jeraha: ni madhara tu, au ni madhara makubwa.

Hapo si pa kupapita haraka. Kwenye Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kumshambulia mtu na kumsababishia madhara ya mwili ni kifungu cha 251, na kifungo chake hakizidi miaka 5. Kujeruhi vibaya ni kifungu cha 234, na kifungo chake chaweza kufika maisha. Panga ni lile lile, mkono ni ule ule, usiku ni ule ule. Kinachoamua shtaka liende upande gani, kwa sehemu kubwa, ni maneno mawili matatu ya daktari kwenye karatasi ambayo mwenye jeraha mara nyingi haisomi kabla ya kuikabidhi.

Mdogo wangu alishonwa nyuzi, akafungwa bandeji, na P3 ikajazwa mapema, kidonda kikiwa bado kimevimba. Ikaandikwa madhara. Daktari aliandika alichokiona siku ile, simlaumu. Tukaipiga kopi pande zote kabla ya kuirudisha kituoni, kwa sababu mamangu hutoa kopi ya kila kitu, hata kadi ya arusi.

Bandeji ilipofunguliwa ndipo tukaona. Kidole cha kati na cha pete havinyanyuki. Alikuwa anaweza kuvikunja akafanya ngumi, lakini akiambiwa vinyooshe, vinabaki vimelala. Kwa mwendesha pikipiki hilo si dogo. Klachi iko mkono wa kushoto. Ili uivute lazima kwanza vidole vinyooke viifikie. Alijaribu nyumbani, pikipiki ikiwa imezimwa, nikamwona anatumia mkono wa kulia kuviinua vidole vyake mwenyewe na kuvipachika juu ya klachi, kimoja kimoja. Tulimpeleka hospitali kubwa, daktari wa upasuaji akasema kano zimekatika. Akafanyiwa upasuaji wa kuziunga, akapewa ripoti ya kutoka wodini, na akaambiwa huenda vidole visirudi kama vilivyokuwa.

Sasa fikiria. Ndani ya faili ya polisi kuna P3 inayosema madhara. Nje ya faili, nyumbani kwetu, kuna ripoti inayosema kano zimekatwa. Na hakuna mtu kituoni aliyekuwa anajua habari ya upasuaji.

Nilikwenda kumweleza mpelelezi. Alinisikiliza kwa heshima, sina la kumsingizia, akaniambia, "Dada, nimekuelewa, nendeni nyumbani, tutawapigia simu." Simu haikupigwa. Nikarudi, nikaambiwa yuko kazi ya nje. Nikarudi tena, nikaambiwa faili imepelekwa kwa wakubwa. Katika siku zile zile ndipo tukaanza kutembelewa.

Walikuja wazee, wakiongozwa na mtu tunayemheshimu sana mtaani. Walikuja jioni baada ya Isha, wakakaa ukumbini, wakanywa chai. Walileta pesa ya dawa kwenye bahasha na ombi kwamba tuyamalize nyumbani. Sina ugomvi na suluhu. Dini yetu inaisifu, mila zetu za pwani zimesimama juu yake, na hata Katiba, Ibara ya 159, inazitambua njia za upatanisho. Lakini siku ile hakuna mzee hata mmoja aliyeomba kuuona mkono. Mdogo wangu alikuwa ameketi pale pale, bandeji mpya ya upasuaji imefika nusu ya kigasha, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya kijana wao na kazi aliyokuwa karibu kuipata. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, na huyu wa kwetu hata kovu lenyewe lilikuwa halijafunga.

Mamangu aliwarudishia bahasha kwa mikono miwili, akasema, "Wazee wangu, nawashukuru kwa kuja. Mkono si wangu, ni wa mtoto, na yeye ni mtu mzima. Muulizeni yeye." Mdogo wangu akasema anataka hakimu aamue. Ikaishia hapo, na chai ikamalizwa.

Hakuna mzee, chifu wala jirani anayeweza kukuondolea ripoti yako kwa niaba yako, na wewe mwenyewe ukitishwa uiondoe, hilo nalo lina jina katika sheria. Sheria ya 2014 inasema mwathiriwa ana haki ya kuwa huru kutokana na vitisho, bughudha, hofu, hongo na unyanyasaji. Maneno kama "tutaona kama mtakaa mtaa huu" unayaandika kwenye OB kama ripoti mpya, siku hiyo hiyo.

Kwa makosa ya ngono mlango umefungwa kabisa, na hapa nataka wasomaji wangu wa pwani yote wanisikie. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 40, imeutoa uamuzi wa kusimamisha upelelezi au mashtaka mikononi mwa familia, wazee na hata afisa wa kituo. Iliuweka kwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba mpya kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kikao cha baraza, mbuzi, mahari ya kufunika aibu, havina nguvu yoyote juu ya faili ile. Najua vikao hivyo vipo. Najua pia wasichana waliomaliziwa mambo yao kwenye vikao hivyo, na sasa ni mama watu, na hawajawahi kuulizwa.

Siku moja asubuhi, mdogo wangu akaona aliyemkata amekaa kwenye ile ile steji. Alikuwa amekamatwa, tuliona, kisha akaachiliwa kwa dhamana ya polisi, na hakuna aliyetuambia. Tulimwona kama vile watu wengine wote walivyomwona, kwa macho.

Nataka niseme kwa haki. Kijana yule naye ana haki zake. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au aachiliwe, ana haki ya dhamana, na hana hatia mpaka ithibitishwe. Sitaki azinyimwe; kesho atakayekamatwa anaweza kuwa ndugu yangu. Lakini kwenye sheria ya waathiriwa kuna neno jingine ambalo halipingani na hilo: usalama wa mwathiriwa na wa familia yake uzingatiwe wakati wa kuweka masharti ya dhamana na kuachiliwa. Angeweza kuachiliwa na bado akaambiwa asikanyage steji ile. Kulihitajika mtu wa kuuliza tu, "Huyu aliyekatwa anafanyia kazi wapi?"

Ndipo nikaandika barua. Binti mmoja msaidizi wa kisheria, ambaye hukaa na watu chini ya mwembe siku za Jumamosi na hatozi pesa, alinionyesha namna. Haikuwa barua ya kiwakili. Ilikuwa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, imeandikwa kwa mkuu wa kituo, nakala kwa ofisi ya mashtaka ya umma kisiwani Mombasa. Ilianza na nambari ya OB. Kisha ilisema: "Mimi ndiye mlalamishi katika ripoti hiyo. Tangu P3 ijazwe nimefanyiwa upasuaji wa kano za mkono wa kushoto, na ripoti ya daktari nimeiambatisha pamoja na picha za mkono wangu. Naomba habari hii izingatiwe kabla ya kuamua ni shtaka gani litakalofunguliwa. Naomba pia kuelezwa masharti ya dhamana aliyopewa mshukiwa, kwa kuwa ameonekana mahali ninapofanyia kazi na ninahofia usalama wangu. Kama imeamuliwa asishtakiwe, naomba nipewe sababu kwa maandishi." Mdogo wangu aliitia saini mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki, mimi nilikuwa mbebaji tu.

Yale maneno "kabla ya kuamua ni shtaka gani" hayakutoka kichwani mwangu. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa inampa mwathiriwa haki ya kuwasilisha habari kwa polisi au kwa kiongozi wa mashtaka ili izingatiwe katika uamuzi wa kufungua shtaka, kukata rufaa au kuondoa kesi. Imesemwa waziwazi, uamuzi wa kufungua shtaka. Yaani kabla. Na ombi la sababu kwa maandishi lina mgongo wake: Ibara ya 47 ya Katiba inampa mtu aliyeguswa vibaya na uamuzi wa afisi ya serikali haki ya kuandikiwa sababu. Kuna pia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoitaka afisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Haikufungulii kila ukurasa wa faili, kwa sababu kuna mambo ya upelelezi ambayo yakitoka mapema yataharibu kesi yako mwenyewe. Lakini "faili iko wapi na imeamuliwa nini" si siri ya upelelezi.

Nilichapisha nakala tatu. Kituoni nilimwomba karani agonge mhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala yangu. Alisita kidogo, akatazama nambari ya OB, akagonga. Kisha nikavuka feri na ile nyingine, nikaifikisha ofisi ya mashtaka, na huko mhuri ukagongwa bila swali.

Sikujua kitatokea nini. Baada ya wiki chache mpelelezi alipiga simu yeye mwenyewe. Faili ilikuwa imerudi kutoka kwa kiongozi wa mashtaka ikiwa na maagizo: daktari wa upasuaji aandikishe maelezo, kiwango cha jeraha kwenye P3 kitazamwe upya, na picha ziingizwe. Mdogo wangu akaitwa kuandikisha maelezo ya ziada. Kijana yule akaambiwa asifike steji. Na asubuhi shtaka liliposomwa, lilikuwa la kujeruhi vibaya.

Simfurahii mtu kufungwa, na sijui hakimu ataamua vipi. Lakini sasa kinachosemwa pale mahakamani kinafanana na kile kilichotokea kwenye mkono.

Yule binti msaidizi wa kisheria ndiye aliyenihadithia habari ya Meru, na tangu siku hiyo haijaniondoka. Wasichana waliokuwa wamenajisiwa, wengine wadogo mno, waliripoti kwa polisi na ripoti zao zikapuuzwa: maelezo hayakuandikwa inavyotakiwa, mahali pa tukio hapakutembelewa, mashahidi hawakuhojiwa, washukiwa wakabaki nje. Hapakuwa na kesi ya jinai ya kushinda wala kushindwa. Shirika la huko Meru liitwalo Ripples International likasimama nao, na mwaka 2012 wakaishtaki polisi yenyewe katika Mahakama Kuu, kwamba kukaa bila kuchunguza ni kuvunja haki zao za kikatiba. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau alikubaliana nao. Aliamuru polisi wafanye upelelezi wa haraka, wa kweli na wa kitaalamu katika malalamiko yale. Watoto walishinda kesi iliyohusu kutokuwako kwa kesi. Kila ninapoambiwa "hayo ni mambo ya polisi, mama, nyie ngojeni", nawakumbuka wao.

Kisha kuna uamuzi wa tarehe 10 Desemba 2020, wa waathiriwa wa ukatili wa kingono katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Walikuwa wamekwenda Mahakama Kuu mwaka 2013. Mahakama iliona serikali ilivunja wajibu wake kwa kushindwa kuchunguza na kushtaki, na wanne miongoni mwao wakaamriwa kulipwa shilingi milioni 4 kila mmoja. Wanne tu, na miaka ilikuwa imeshapita zaidi ya kumi. Niliposoma hukumu ile niliwafikiria wale waliobaki. Baadhi ya waliokosa walikosa kwa sababu hawakuthibitisha kwamba waliripoti polisi. Ndiyo maana nashikilia sana karatasi ile iliyo nyuma ya simu yangu.

Mtu asidhani nchi kubwa zimetupita katika hili. Marekani wana sheria yao ya haki za waathiriwa ya 2004. Mwaka 2007, huko Florida, waendesha mashtaka wa serikali kuu walitia saini mapatano na tajiri Jeffrey Epstein kwamba hawatamshtaki katika mahakama zao, na wasichana aliowadhulumu hawakuambiwa. Mapatano yakiwa tayari yamesainiwa, baadhi yao waliandikiwa barua kwamba mambo yanachunguzwa, wawe na subira. Walikwenda mahakamani 2008. Mwaka 2019 jaji akasema kweli walikosewa, sheria ilivunjwa. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa kule Atlanta, majaji wengi wakikubali na wengine wakipinga vikali, ikaamua kwamba kwa kuwa hakukuwa na shtaka lililofunguliwa mahakama ya serikali kuu, sheria ile haikuwapa wasichana nafasi ya kuja kudai. Nilisoma hivyo nikaenda tena kukitazama kile kifungu chetu chenye maneno "uamuzi wa kufungua shtaka". Wakenya tunalo andiko ambalo wale wasichana walilitafuta miaka na miaka wakalikosa, na wengi wetu hatujui liko.

Kuna na mipaka yake, nisije nikampa mtu tumaini la uongo. Sheria haikupi wewe kalamu ya kiongozi wa mashtaka. Uamuzi wa kushtaki ni wake. Ataangalia kwanza kama ushahidi unatosha, kisha kama kuna maslahi ya umma, na anaweza kusema hapana hata kama wewe umeumia kweli. Ibara ya 157 inampa pia uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze jambo, naye lazima atii, kwa hiyo barua yako kwake haiendi mahali pasipo na nguvu. Hata kesi ikishaanza, Mahakama ya Upeo ilieleza mwaka 2020, katika rufaa ya Waswa, kwamba mwathiriwa na wakili wake wana nafasi ya kusikika lakini hawageuki kuwa waendesha mashtaka wa pili. Na ukiona afisa amekalia faili makusudi au ameomba pesa, Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, hupokea malalamiko bila malipo, na malalamiko hayo yana uzito zaidi ukiwa na tarehe, nambari ya OB na nakala iliyogongwa mhuri kuliko ukiwa na hasira peke yake.

Kitu kimoja bado kinaniuma. Sheria ile ile ilianzisha mfuko wa kuwasaidia waathiriwa, na mdogo wangu amekaa miezi bila kuendesha, pikipiki ni ya mkopo, na mkopeshaji hajali habari ya kano. Hakuna mtu kituoni, hospitalini wala kwa chifu aliyewahi kututajia mfuko huo. Nimeshaandika barua nyingine kuuliza unaombwaje na unatoa nini. Ikijibiwa nitaweka hapa neno kwa neno.

Kuna dada wawili wa Mtongwe walioniuliza ile barua ya kwanza niliiandika vipi na kama lazima iwe kwa Kiingereza. Si lazima. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, Ibara ya 7. Nimeitoa majina, nimeacha nafasi za kujaza nambari ya OB, tarehe, kituo na jina la hospitali. Nakala ziko dukani, juu ya meza ya kukatia, upande wa mlango. Mtu aje achukue, na kama hajui kuandika, aje mchana kabla ya Alasiri, wateja wanapokuwa wachache, tutaandika pamoja.